Baruti ya Haraka

Mume wangu aliweka makopo mawili ya baruti juu ya meza yangu ya kulia chakula, akaniuliza napendelea lipi, kana kwamba ni majani ya chai. Nikamwambia napendelea yote mawili yatoke nyumbani kwangu.

"Eish, Mama Lerato," akasema. "Hii yote ni kwa ajili yako."

Kweli ilikuwa kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililonikera. Miezi michache kabla ya hapo, vijana walitutolea bastola getini kwetu hapa mtaani Bertrams, mchana kweupe, watu wakipita. Walimlaza mume wangu Mzwandile kifudifudi, mmoja akamkanyaga shingo, wakaondoka na gari letu. Mimi nilisimama tu, nimeshika mfuko wa nyanya. Tangu siku ile geti likilia kidogo, nakimbilia kufunga mlango. Yeye akanunua rivolva, dude zito la chuma lenye risasi nene kama kidole gumba, akaapa kwamba lazima nijifunze kulitumia. Mara ya kwanza nilipolifyatua lilinirudi nusura linivunje kifundo cha mkono. Nikagoma.

Ndipo akaamua kunitengenezea risasi laini yeye mwenyewe. Wapenda shabaha wa hapa hufanya hivyo. Huokota maganda matupu, huyapachika fataki mpya ya kuwashia baruti, hutia baruti, kisha hukandamiza kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ndogo ya mkono. Kazi yenyewe inafanana na kufunga vitumbua kwenye karatasi, isipokuwa kitumbua hakimng'oi mtu vidole.

Dukani muuza silaha alikuwa amemweleza tofauti ya yale makopo mawili mbele yangu, nami nilisikiliza kuliko yeye. Baruti ya polepole hutiwa nyingi, inajaza ganda karibu na mdomo. Ukikosea ukatia mara mbili, inamwagika, unaona kosa lako hapohapo. Lakini hiyo ndiyo yenye kishindo na teke. Baruti ya haraka hutiwa kidogo tu, nayo haipigi teke kali. Ila kile kidogo kinazama chini kabisa ya lile ganda refu, na hata ukitia mara mbili bado kuna nafasi tele juu yake. Macho hayatakwambia kitu. Rivolva ndiyo itakayokwambia, kwa kupasuka mkononi mwako.

"Anayeanza achukue ya polepole," yule mtu alisema.

Pale mezani Mzwandile akachagua ya haraka. Kwa ajili ya kifundo changu, alisema.

Jumapili baada ya chakula akaketi mezani na kibao chake chenye matundu, maganda yamesimama ndani yake safu kwa safu. Mimi nilikaa upande wa pili nachambua mchele. Alikuwa akichota baruti kwa kijiko cha kupimia, anatia, anahamia ganda linalofuata, midomo inamchezacheza. Nilikuwa namwangalia kwa sababu nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa huona mengi. Nilimwona akitia kwenye ganda la pembeni, karibu na bakuli la sukari, kijiko kikiwa bado hewani, mara tukasikia sauti getini.

"Hodi, hodi hapa."

Sasa lazima nimweleze mume wangu. Ni Mzulu wa Soweto, lakini ujana wake aliumalizia Morogoro na wapigania uhuru wenzake, akanioa kwetu Uluguru, na mwaka tisini na nne alirudi nyumbani na mimi pamoja na heshima za Kiswahili zinazowashinda Waswahili wenyewe. Hodi ikipigwa, Mzwandile hata awe anakata roho atainuka. Mgeni atapokewa kwa mikono miwili, ataulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za safari, mpaka za jirani yake. Miaka yote hiyo nilikipenda kitu hicho kwake.

Alikuwa Marcellin, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, anayeshona kwenye chumba kimoja pale Joubert Park.

"Jambo yaya, jambo mama. Muko bazuri?" Kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Hatujambo kabisa, karibu ndani, habari za nyumbani?"

Wakaendelea hivyo. Chai ikanywewa. Marcellin akasimulia jinsi wezi walivyomvunjia mlango na kubeba vitambaa vya wateja, na Mzwandile, kwa huruma, akamwalika aje nasi Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, naye ajifunze. Akamsindikiza mpaka robot ya pili, zile taa za barabarani, kama ilivyo desturi yake. Aliporudi akaketi, akashika kijiko, akachota, akatia kwenye ganda la pembeni, karibu na bakuli la sukari.

"Hapo umeshatia," nikamwambia.

"Nimeanzia nilipoachia."

"Umeanzia ulipotia mwisho. Nimekuona, Baba Lerato."

Akainama akachungulia ndani ya ganda, kisha ndani ya jirani yake. "Yote sawa. Giza tu chini."

"Si ndivyo yule mtu alivyosema? Kwamba hutaona? Yamwage yote uanze upya."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nimefundishwa silaha kabla hujajua kusuka nywele zako mwenyewe."

Jeshi lilimfundisha kufyatua, halikumfundisha kupika baruti. Nilimwambia hivyo, na nilikosea kumwambia hivyo, kwa sababu kuanzia hapo halikuwa tena suala la ganda moja. Akaendelea kutia mpaka mwisho, akakandamiza vichwa, akazifuta risasi kwa kitambaa zikang'aa, akazichanganya zote ndani ya boksi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuonyesha ni ipi.

Wiki ile sikupata raha. Nikifua naiona ile risasi. Birika likipiga mluzi nashtuka. Boksi alilitia kwenye kabati la vyombo, na kila nilipofungua kutoa sahani nilikuwa namwona mtu bila mkono, na huyo mtu alikuwa mimi. Nikamwomba tena, kwa upole. Nikamwomba kwa hasira. Akanijibu neno moja tu. "Na siku wakirudi getini utawarushia nyanya?" Vijana wale nao nilikuwa nikiwaona usingizini.

Jumamosi asubuhi tukaenda. Uwanja ulikuwa kusini mwa mji, nyuma yake lundo la mchanga wa machimbo, la njano, upepo ukilipeperusha machoni. Marcellin alivaa koti lake zuri alilolishona mwenyewe. Mzwandile akaijaza rivolva kutoka kwenye lile boksi, akaniwekea mkononi. Hakusita hata kidogo.

"Haya, Mama Lerato. Hofu ni ya mara ya kwanza tu."

Niliiinua. Ncha ya mtutu ikawa inachora duara. Nikageuza uso kwake. "Mzwandile. Nakuomba. Twende tukazipime."

"Usiniaibishe mbele ya mgeni," akasema kwa sauti ya chini.

Nikashusha mikono. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Akaichukua rivolva, akacheka kicheko cha kufunika mambo. "Basi mgeni aanze. Mgeni ndiye wa kwanza siku zote. Karibu, Marcellin."

Marcellin akavua saa. Akakunja mikono ya koti lake vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akapokea rivolva kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, cha kati kina sugu la mkasi.

"Unifundishe polepole, yaya," akasema. "Hii mikono njo nalishaga nayo batoto."

Nikaziba masikio. Nikafumba macho. Nikawa nasema Salamu Maria ndani ya koo, nikangoja mlio.

Mlio haukuja. Nilipofumbua, Mzwandile alikuwa ameshika mtutu na kuusukuma chini, uso wake umekuwa wa kijivu. Akamvua Marcellin ile silaha kidole kwa kidole.

"Subiri," akasema. "Subiri, ndugu yangu. Risasi hizi sina hakika nazo."

Tukarudi kwa teksi. Marcellin alituaga kwa heshima zote, na Mzwandile akazirudisha zote, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha.

Nyumbani akakaa mezani palepale. Akazitoa vichwa risasi zote, moja moja, akamwaga baruti ya kila moja kwenye mizani. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake. Mizani ilikuwa ikisimama mahali palepale kila mara, mpaka nikaanza kuogopa jambo jingine, kwamba huenda niliona vibaya. Kisha akamwaga moja na mshale ukapanda maradufu. Akaimwaga tena kwenye kisahani, akaipima tena. Maradufu.

Aliweka viganja vyake mezani. "Nisamehe, Paskalia."

"Ulipomwona Marcellin ameshika, uliona nini?"

"Niliona mikono yake."

"Na nilipoishika mimi?"

Akarudisha macho kwenye mizani. Kifundo changu alikihurumia mpaka akanichagulia baruti. Mkono mzima aliuweka rehani ili asiaibike, na asingeukomboa kama asingekuja mgeni. Hilo nililiona wazi kuliko kitu chochote kwenye mizani ile, na likaniuma kuliko ile hofu yote ya wiki nzima.

"Zimebaki nyingine," nikasema. "Maliza."

Getini mtu akapiga hodi. Sauti ya mwanamke, labda jirani. Mzwandile akaweka mikono kwenye meza ili ainuke, kama alivyoinuka maisha yake yote, nami nikamkandamiza bega.

"Kaa," nikamwambia. "Leo mgeni atangoja."