Dai Juu ya Nyumba ya Verna

Verna Stubbs alikuwa ameshamlipa Dale Hutchins, mkandarasi aliyemwezekea nyumba, mpaka senti ya mwisho. Kwa hiyo wakili wake alipomwambia kwamba duka la vifaa vya ujenzi limeandikisha dai juu ya nyumba yake, alidhani amechanganywa na mtu mwingine.

"Hakuna kosa, mama," wakili alisema. "Dale alichukua vigae vya paa lako dukani kwa mkopo. Asipolipa yeye, duka linaishika nyumba. Huku California ndivyo ilivyo."

Na nyumba ilikuwa sokoni, na yenye dai haiuziki. Mnunuzi alishapatikana, na Verna alikuwa ahamie Fresno kwa dada yake.

Alimkuta Dale kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, anakula pai.

"Hilo ni kosa la kompyuta yao tu, dada Verna," Dale alisema bila kuinua macho. "Jumatatu nitalimaliza. Sisi si wa kuogopana."

"Sijasema naogopa. Nimeuliza umelipa au hujalipa."

"Kula pai kwanza, roho itulie."

Roho haikutulia. Jumatatu ilipita, simu zikawa hazipokelewi, na Dale akawa anapita barabara ya nyuma ili asionekane. Kilichomkereketa Verna zaidi ni kwamba duka lilidai vigae vya mapaa mawili, na yeye ana moja. Akaanza kuendesha gari polepole mitaani, shingo juu.

Alivikuta kwa Crystal, binti yake Dale: vigae vya rangi ya damu ya mzee, ile ile aliyoiagiza mwenyewe majirani wakamcheka.

"Paa zuri," alimwambia Crystal.

"Zawadi ya harusi. Baba huyo, akipenda amependa."

Verna akampa hongera, akapiga picha.

Dale aliitazama picha hiyo mlangoni kwake mpaka mkono wa Verna ukachoka. "Crystal hajui kitu," alisema.

"Najua. Na kwangu hatasikia, ukilipa wiki hii."

Dale aliuza lori lake, duka likafuta dai. Hata hivyo Verna alikwenda mwenyewe ofisi ya kaunti, akamfanya karani amwonyeshe mara mbili kwamba limefutwa. Mnunuzi alikuwa ameshanunua kwingine.

Siku hizi Dale akimsalimu kanisani, Verna hujibu vizuri tu, kisha huuhamishia mkoba wake upande wa pili, mbali naye.