Kadi Kwenye Nafasi ya Sita

Wivu ulimshika Wiston siku ile bosi wao, Bi Semeni, alipomwita Scolastica "mwanangu". Yeye miaka minne ofisini hapo Biharamulo mjini hajawahi kuitwa hivyo hata kwa bahati mbaya. Binti wa juzi tu, katoka Bugarama na begi moja, keshakuwa mwanangu! Maharage ya mchana siku hiyo hakuyagusa.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa ajili ya kompyuta za kupimia malori pale Lusahunga. Kompyuta moja ilibeba mifumo miwili, mmoja wa mizani na mwingine wa kamera. Bi Semeni alitaka mfumo wa kamera ukabidhiwe kadi ya mtandao moja kwa moja, uitumie wenyewe. Hatari ilikuwa kwenye ishara. Kadi ikitaka kusikilizwa hutuma ishara, na prosesa, ubongo wa kompyuta, huacha inachofanya ikaisikiliza. Pasipo kichujio cha kuzuia ishara zisizoruhusiwa, mfumo wa kamera ungeweza kuitumia kadi hiyo kutuma ishara za uongo mpaka mizani ichanganyikiwe. Kwa hiyo kerneli ilitakiwa ikague kwanza kama kichujio kipo. Kama hakipo, kadi haikabidhiwi ng'o.

Ukaguzi huo akapewa Scolastica auandike. Ukifaulu, yeye ndiye msimamizi wa kerneli, jina lake juu kabisa ya faili. Cheo hicho Wiston alikitaka mpaka usingizini! Sasa kaachiwa kusoma kazi ya mwenzake na kutia sahihi.

Akaisoma mstari kwa mstari, anatafuta kosa kama mtu anayechambua mchele. Akalipata. Ukaguzi uliuliza kama mashine ina kichujio, basi. Haukuuliza kama kichujio kinafika pale kadi ilipochomekwa. Mashine zao zilikuwa na nafasi sita za kuchomeka kadi, na ile ya sita, ya kizamani, ilikuwa nje ya kichujio. Moyo ukamruka kwa furaha. Mtu mzima na ndevu zake, anafurahia kosa! Neno moja lingetosha. Badala yake akaandika, "Nimesoma, sijaona kasoro," akaweka jina lake.

"Kweli hukuona kitu, kaka Wiston?" Scolastica alimuuliza. "Maana mimi bado nina wasiwasi."

"Safi kabisa, dada. Usijitie presha."

Ijumaa asubuhi Bi Semeni akaja kuona jaribio. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nani anachomeka kadi. Wiston alikuwa nayo mkononi tayari. Akainama nyuma ya mashine, akasukuma waya pembeni, akaichomeka.

Scolastica akawasha. Kerneli ikakagua, ikasema ni salama, ikaukabidhi mfumo wa kamera kadi. Akaruhusu ishara za uongo za jaribio zianze. Mara namba za mizani zikaganda kwenye kioo, zisiende mbele wala nyuma.

"Mungu wangu!" Scolastica akashika kichwa. "Ni kosa langu, Bi Semeni. Kaka Wiston alisoma tu, asilaumiwe."

Utetezi huo ulimchoma Wiston kuliko matusi.  Bi Semeni alikuwa akiitazama mashine.

"Nafasi tano ziko hapa mbele, wazi," akasema. "Hii ya sita imejificha nyuma ya waya, hatujaitumia hata siku moja. Wewe umeifuata moja kwa moja. Kwa nini?"

"Nilitaka tu... kujaribu."

"Kujaribu nini, na uliandika hujaona kasoro?"

 Scolastica akageuka taratibu kumtazama Wiston.

"Uliniambia safi," akasema.

Bi Semeni akachomoa kadi, akamkabidhi Wiston mkononi.

"Kosa la huyu litarekebishwa kabla ya chakula cha mchana. La kwako sijui nianzie wapi kulirekebisha, mwanangu."

Ndivyo neno lile lilivyomfikia, baada ya miaka minne. Scolastica alikuwa ameshavuta kiti, anaandika upya.