Helmeti ya Kijivu

Wifi aliiweka helmeti juu ya kaunta, akaipangusa vumbi kwa mkono wa sweta, akasema, "Hii ninayo tayari. Nipimie vingine vyote."

Ilikuwa ya kijivu, na kioo chake cha mbele hakikuwa na mchubuko hata mmoja. Nilikuwa sijaiona kwa miaka mitatu. Nilijua inakaa juu ya kabati la chumbani kwake, imefunikwa kitambaa cheupe, kwa sababu mama alikuwa akinisimulia kila alipotoka kumtembelea mkwewe. Mimi chumba kile sikuwa nakiingia. Visingizio nilikuwa navyo tele: kazi nyingi, miguu imevimba kwa kusimama, nitakuja kesho. Wifi yangu si mtu wa kuhesabu nani kaja na nani hakuja, kwa hiyo visingizio vyangu vilipita bila kukaguliwa.

"Unakwenda wapi na hivyo vingine vyote?" nikamuuliza.

"Kule alikokuwa anakwenda kaka yako. Barabara ya milimani. Alinunua ramani, akatia alama kila kona, halafu akaishia njiani." Alicheka kidogo kupitia puani. "Mume wangu hakuwa mtu wa kumaliza kitu, wewe unamjua. Hata chai alikuwa anaacha nusu kikombe. Sasa mimi nakwenda kummalizia."

"Na pikipiki anaendesha nani?"

"Ala! Ulidhani nitakaa nyuma maisha yote? Mwaka mzima najifunza, wifi. Nimeanguka mara mbili, nimeamka mara mbili. Haya, leta koti."

Mtu mwingine angeshtuka, au angemkumbatia. Mimi nilichukua futi ya fundi cherehani nikampima mabega.

Duka letu lilikuwa la vifaa vya pikipiki za safari ndefu, zile zenye mbio kama za mashindano lakini zenye kiti unachoweza kukalia siku nzima na mahali pa kufungia mizigo. Mwenye duka tulimwita Bosi mbele yake, na Mkasi akiwa mbali. Jina hilo lilitokana na mkasi mkubwa wa chuma alioutundika kwenye msumari kando ya kaunta, ambao haukuwa wa kukatia karatasi wala nguo. Ulikuwa wa helmeti zilizoanguka. Helmeti ikianguka dukani, hata ikitoka nzima, hata kama ndiyo ya mwisho, Bosi alikuwa anaushusha mkasi, anaukata mkanda wa kidevuni papo hapo, ndipo helmeti inakwenda jalalani. Bila mkanda hakuna mjanja atakayeiokota akaivaa.

"Ni sawa na yai," alikuwa akituambia siku ya kwanza ya kazi. "Kazi yote inafanywa na lile povu gumu la ndani. Likishabonyea halirudi, na wewe kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo hatukisii. Tunakata."

Mimi nilikaa pale miaka saba bila kuangusha hata moja. Bosi alikuwa akiwaambia wateja hivyo huku mimi nikisikia, na wiki ile aliyokuwa anajiandaa kwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho alikuwa amekwisha kusema kwamba funguo za stoo ataniachia mimi. Mimi, na si yule muuzaji mwenzangu aliyenitangulia. Nilivimba kichwa kidogo, nakiri.

Jumamosi ya wiki hiyo asubuhi, miaka mitatu kabla wifi hajaja, nilikuwa juu ya ngazi nikipanga rafu ya juu. Helmeti ya kijivu ilinitoka mkononi. Iligonga mguu wa chuma wa kaunta kwa utosi, ikaruka, ikaangukia sakafu ya saruji, ikazunguka mara mbili tatu na kutulia ikiwa imetazama juu.

"Nini hicho?" Bosi akauliza kutoka stoo.

"Boksi," nikasema.

Neno moja tu. Nilishuka, nikaiokota, nikaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na alama. Niliirudisha rafuni, nikajiambia nitamweleza Bosi saa ya chakula, akiwa ametulia. Mkasi ulikuwa pale msumarini, hatua nne kutoka niliposimama.

Saa ya chakula haijafika, kaka akaingia.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kelele. Aliingia akipiga makofi, akamwita Bosi baba mkwe bila sababu yoyote, akataka kuona kila kitu. Alijaribu glavu jozi sita, kila jozi akiokota funguo zake kaunta, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba glavu usiyoweza kuokotea funguo itakutesa safari nzima. Tulibishana kuhusu mabegi ya pembeni. Yeye alitaka masanduku magumu kwa kuwa yana kufuli. Mimi nikamwambia begi laini halimvunji mtu mguu pikipiki ikilala. Nikashinda. Alichukua mabegi laini, kushoto na kulia, na koti la mvua. Nikamwelekeza alipakie juu kabisa, maana mvua haisubiri ufumue mzigo. Nilikuwa nimejisahau kwa furaha. Nakumbuka hilo vizuri, kwamba nilikuwa na furaha.

Kisha nikageuka nikamwona Bosi juu ya ngazi, anaishusha ile ya kijivu.

"Ya mwisho ya saizi yako," akamwambia kaka. "Una bahati wewe. Binti yangu, njoo umpime kaka yako. Mikono yako ndiyo ninayoiamini."

Nilikwenda. Nilimvalisha, nikafunga mkanda, nikapitisha kidole kimoja kati ya mkanda na koo. Nilisukuma ukingo wa nyuma kwenda juu kuona kama itachomoka. Haikuchomoka. Mashavu yalijaa vizuri. Kama ingembana au ingempwaya ningeshukuru, lakini ilimkaa kana kwamba alifinyangiwa.

"Naonekanaje?" akauliza kutoka ndani.

"Kama boga."

"Boga lenye mke mzuri," akasema, na Bosi akacheka hadi akashika mgongo.

Maneno yalikuwa yamenifika kooni. Ilikuwa niseme tu, Bosi, hii ilianguka leo asubuhi, si boksi. Nilimtazama akicheka, nikaziona funguo za stoo zikining'inia kiunoni mwake, nikanyamaza. Nikajipangia: jioni nitakwenda kwao, niseme mkanda una kasoro, niirudishe kimya kimya, nimtafutie nyingine duka lolote. Jioni kwao kulikuwa na wageni. Jumapili nilikuwa na nguo za kufua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini langu halikuniuma. Nilifua, nikaanika, nikala. Jumatatu asubuhi kaka aliondoka.

Jumanne, kwenye makutano ya barabara, lori lilimwingilia ubavuni.

Daktari alituita mimi, mama na wifi kwenye chumba chenye viti viwili, kwa hiyo mimi nilisimama. Alisema ni kifua. Alisema hakuna ambacho kingeweza kufanyika. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetafuta cha kutupoza, akasema, "Kichwa hakikuguswa kabisa. Helmeti haina hata mchubuko."

Nilisikia sentensi ile vizuri kuliko zote. Nikajiambia, basi si mimi. Nikasubiri moyo utue. Haukutua, wala haukupanda. Nilikufa ganzi, na ganzi ile haikuachia. Msibani sikulia, watu wakasema ni mshtuko, atalia baadaye. Baadaye ilifika ikapita. Nilirudi kazini siku ya nane. Bosi alinipa funguo za stoo, nikazipokea. Niliwapima watu helmeti, nikapitisha kidole kati ya mkanda na koo, mamia ya makoo. Chakula nilikuwa nakila kwa kuwa saa imefika. Mama alianza kusema kwamba binti yake amekuwa kama mtu anayesikiliza redio iliyo chumba cha pili.

Nani ningemwambia? Ningemwambia nini? Nilimuuzia kaka helmeti mbovu ambayo haikumdhuru. Hata kosa lenyewe lilikuwa limekataa kuwa langu.

Na wifi ndiye aliyenifunga mdomo kabisa. Siku ya mazishi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia mbele ya watu, "Ulinitunzia uso wake. Niliweza kumuaga nikimtazama. Wifi, hilo sitalisahau." Tangu siku hiyo kila akinipigia simu lazima aliguse. Mtu ana jiwe moja tu la kuegemea, nalo ni uongo wangu. Nilimwacha aegemee.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu ananyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa sare za shule, na mimi namvisha makoti. La kwanza lilikuwa na matundu ya hewa, zuri kwa joto. Nikalikataa, huko milimani angeganda. La pili lilikuwa na kinga ngumu mabegani na viwikoni. Nilimwongezea kinga ya mgongo, nikambana kiuno.

"Taratibu, mimi si gunia!"

"Bora ulie hapa kuliko huko," nikamjibu, na nikashangaa kusikia sauti yangu inatania.

Tukachagua buti. Tukachagua glavu, akaokota funguo mara ya kwanza tu, akanitazama kwa fahari. Tulifika kwenye mabegi ya pembeni, nikampa yale yale laini, nikamwambia apime kwa mizani ya kuning'iniza, kulia na kushoto yasipishane hata kilo mbili, na koti la mvua likae juu.

"Najua. Alikuwa akinihubiria hayo usiku na mchana." Kisha akaichukua helmeti kaunta, akaivaa, akafunga mkanda mwenyewe. "Haya, nipime na hii. Vichwa vyetu vilikuwa saizi moja, unakumbuka tulivyokuwa tunagombania kofia? Jamani, wifi, bado ina harufu yake."

Macho yake yalikuwa yananitazama kupitia uwazi wa kioo. Nilipeleka mikono, mazoea tu, nikapitisha kidole kati ya mkanda na koo. Mshipa wake ulikuwa unapiga pale kwenye kidole changu. Mdogo, wa haraka, kama wa mtu mwenye furaha.

Niliogopa. Nasema hivyo wazi kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi baada ya miaka mitatu. Niliogopa kumpoteza nikisema, na niliogopa zaidi kumzika nikinyamaza.

"Vua," nikasema.

"Inabana?"

"Haibani. Vua, wifi."

Akavua, akanipa, nywele zimemsimama. Nilikwenda msumarini. Mkanda wa helmeti ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Mkasi uliuma mara ya kwanza ukateleza, mara ya pili vilevile. Nilikaza mkono hadi kidole gumba kikazama kwenye chuma. Mara ya nne mkanda ukakatika.

Wifi hakupiga kelele. Alikaa kwenye kibenchi cha kujaribia buti, na koti lake jipya, akatazama vile vipande viwili vya mkanda vinavyoning'inia.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ilianguka. Niliiangusha mimi, kutoka pale juu. Kabla hajaivaa."

"Lini?"

"Siku ile ile aliyoichukua. Asubuhi."

"Alijua?"

"Hakujua. Mimi ndiye niliyempima."

Nje gari lilipiga honi, mtu akatukana, gari likaenda. Niliona anavyoirudisha miaka yote mitatu moja moja, kila simu, kila shukrani. Nilitaka kumwambia kwamba daktari alisema kichwa hakikuguswa. Lakini yeye alikuwepo, alikuwa amekalia kimoja cha vile viti viwili.

Akanyoosha mkono, akaichukua helmeti kwangu, akaiweka mapajani. Akaifunga kioo polepole.

"Nitahitaji nyingine," akasema.

"Nitakutafutia. Saizi yako zipo tatu, kuna nyeupe na..."

"Mwite Bosi." Hakuwa amepaza sauti. "Anipime yeye."

Nilikwenda stoo. Bosi alikuwa amekaa na daftari karibu na jicho lake zima. Nikamwambia kuna mteja wa helmeti. Akauliza kwani mimi nina nini, nikamwambia mteja anakutaka wewe. Aliinuka, akajinyoosha mgongo, akatoka mbele yangu. Alimwona wifi kwenye kibenchi, akaanza kumchangamkia, kisha akaiona helmeti mapajani na mkanda uliokatwa. Aligeuka kutazama msumari. Ulikuwa mtupu. Akanitazama mimi, na mkasi bado ulikuwa mkononi mwangu.

Alipanda ngazi mwenyewe, taratibu, akishika kila kipandio, akaishusha ile nyeupe kwa mikono yote miwili.

Mimi nilisimama kando ya mabegi nikawasikiliza. "Tikisa kichwa. Inama. Inagusa paji la uso?" Wifi alijibu kila swali kwa neno moja. Niliutundika mkasi mahali pake. Gumba langu lilikuwa limechubuka na kuanza kuvimba pale chuma kilipobana, na liliniuma mpaka jioni.