Mpira Uliomparaza Chiriku

"Umemgusa," dada mtu alimwambia mwamuzi.

Chiriku alipigwa na butwaa. Yeye, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo, alikosa hata neno la kuombea maji.

Ilikuwa nusu fainali ya tenisi ya wanawake wawili wawili, na ndugu hao walihitaji pointi moja tu waingie fainali yao ya kwanza. Mpinzani aliubamiza mpira kwa hasira. Chiriku, aliyekuwa karibu na wavu, akainama kuukwepa. Ukampita, ukatua nje kabisa ya mstari. Mwamuzi akatangaza ushindi. Mjomba wao, ambaye ndiye kocha, akarusha kofia juu.

Lakini mpira ulikuwa umeiparaza ncha ya raketi ya Chiriku, na katika tenisi mpira ukikugusa wewe au raketi yako kabla haujatua, pointi si yako. Mwamuzi hakuona. Wapinzani hawakuona. Chiriku aliusikia mkononi, akanyamaza, kwani nani mwenye akili zake anayejipalia makaa? Basi akapaliwa na dada yake wa tumbo moja.

Pointi ikaenda kwa wapinzani. Chiriku akaupiga mpira wa kuanzia wavuni, mara mbili, na baada ya hapo mechi haikuchukua muda kwisha. Walipopeana mikono, washindi walionekana kushtuka kuliko walioshindwa.

Sauti ilimrudia Chiriku kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nilidhani ni msemo tu."

Dada yake alikuwa akifungua bandeji mguuni, polepole. "Sema yote yaishe."

"Mwamuzi ameridhika, wao wameridhika, wewe nani? Mjomba yuko nje analia, mtu mzima na ndevu zake."

"Ungenigusa mimi, ningenyamaza."

Hapo Chiriku alishtuka upya, vibaya kuliko uwanjani. Alikuwa amejiandaa kuhubiriwa uaminifu, na mahubiri angeyajibu.

"Ungenyamaza?"

"Kimya. Ningeuchukua ushindi wangu nikalale. Lakini wewe, mwamuzi alipotangaza, hukuruka wala hukupiga kelele. Uligeuka ukanitazama. Uso ule naujua tangu unatambaa, mdogo wangu. Ungenitazama hivyo kila tukiingia uwanjani, mpaka tuzeeke."

"Sikukuomba useme."

"Uliniomba," alisema dada yake, akaanza kuikunja bandeji.

Chiriku alianza kufungua kamba za viatu vyake. Alikuwa amemwomba kweli. Siku hiyo alikuwa amepoteza nafasi ya fainali mbele ya watu wote wale, na bado hakuna kilichomtisha kama kujua kwamba yupo mtu anayeweza kumsoma hivyo.