Mashine Nayo Ipumzike

Ijumaa jua likizama, mama yangu aling'oa waya wa kompyuta kwenye soketi, akauzungusha vizuri kama uzi wa kufuma na kuuweka juu ya kabati. Mimi nilikuwa zizini nikimkamua Sinyorita. Niliporudi ndani na ndoo ya maziwa, skrini ilikuwa nyeusi.

"Mama, umefanya nini?"

"Sabato imeingia."

"Lakini hiyo ni kompyuta tu!"

"Inakufanyia kazi ama haifanyi?"

"Inafanya, lakini mimi nimekaa tu..."

"Basi nayo ipumzike. Hata ng'ombe ameandikiwa apumzike, sembuse hiyo."

Nilitua ndoo kwa nguvu mpaka maziwa yakamwagika. Hapa kwetu Gesima watu wanamjua mama kwa kuzima redio ya jirani kupitia dirisha, kwa hivyo kosa lilikuwa langu kuacha mashine peke yake saa kama hiyo. Hata hivyo nilikasirika kweli, nikatoka nje nisije nikamtamkia jambo la kujutia.

Haikuwa kompyuta yangu. Ilikuwa ya Benard, fundi wa mjini Kisii, na ndani yake alikuwa amenakili folda iliyofungwa ya marehemu mke wangu Sharon. Sharon alikuwa mwalimu. Wenzake walizoea kuazima laptopu yake, ndiyo maana alifunga vitu vyake kwa pasiwadi ambayo hakuniambia, na mimi sikumwuliza, kwa sababu nani humwuliza mke wake pasiwadi akidhani watazeeka pamoja? Ndani ya ile folda mlikuwa na video moja. Jina lake lilionekana hata bila kufungua: "Kwa mtoto". Huyo mtoto ni Lorna, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Sasa anakaribia kuanza shule, na juzi aliniuliza kama sauti ya mama yake ilikuwa nene ama nyembamba. Nilimwambia nyembamba. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika tena, na jambo hilo lilinitia hofu.

Niliipa programu ya Benard ya kubahatisha pasiwadi majina yote ya boma letu, ya watu na ya mifugo, iyachanganye na miaka na alama. Tangu katikati ya wiki ilikuwa ikijaribu moja baada ya jingine. Benard alinionya mapema.

"Boss, usiizime ovyo. Inaweka alama mahali imefika, so stima ikipotea unaiambia tu iendelee. Lakini ikizimwa ikiandika hiyo alama, imeharibika, unaanza zero. Na Jumapili asubuhi naichukua, kuna customer ameshaibook."

Kuanza sufuri kungemaanisha tumeikosa video kabisa.

Siku hiyo ya Sabato sikutulia hata kidogo. Kanisani nilitoka nje mara kwa mara mpaka shemasi akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nyumbani tulikula chakula kilichopikwa jana yake, nami sikujua ninachotafuna. Nikajifanya natembelea shamba la majani chai, nikapanda mstari mmoja na kushuka mwingine, nikilitazama jua ambalo lilikuwa limeganda juu ya vilima vya Kisii. Nikirudi, nashika mlango wa chumba, nauachilia. Kichwani nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama endapo ile alama itakuwa imeharibika. Yalikuwa maneno mabaya.

"Mogire, keti," mama aliniambia. "Unanitia kizunguzungu."

Sikuketi.

Jua lilipozama alisali, akasema amina, kisha akashusha ule waya mwenyewe na kunikabidhi. "Haya. Sabato imetoka."

Nilichomeka. Kwa haraka niliandika amri vibaya mara ya kwanza. Nikaandika tena: endelea. Skrini ikakaa kimya, halafu namba zikaanza kukimbia kutoka palepale zilipokatikia. Alama ilikuwa salama. Niliegemea ukuta na kupumua.

Mama alikuwa bado anasubiri chai ichemke pasiwadi ilipopatikana. Jina la ng'ombe wetu, Sinyorita, na mwaka tuliooana. Siku zote zile za mashine kuhangaika, kumbe ni ng'ombe! Na kumbe jana ilikuwa imebakisha kidogo tu. Hasira ikanipanda upya. Nilimgeukia mama na yale maneno yote mdomoni, lakini Lorna alikuwa ameshapanda mapajani mwangu, basi nikafungua video kwanza.

Sharon alikuwa ameketi kwenye meza hiihii, mkono juu ya tumbo. Sauti yake ilikuwa nene kidogo. Nilikuwa nimemdanganya mtoto.

"Mwanangu, mimi ni mama yako," alisema. "Nataka ujue mambo matatu. La kwanza, baba yako ana hasira za haraka lakini hazilali naye. La pili, ulipendwa kabla hatujakuona. La tatu..."

Sauti nyingine ikamkata kutoka nje ya picha: "Sharon! Jua limezama! Zima hiyo kitu!"

Sharon akacheka. "Haya mama, nazima." Akaisogelea kamera. "Huyo ndiye magokoro wako, utamzoea. Tutaendelea kesho jioni, hapahapa."

Kukawa giza. Ilikuwa ile Ijumaa yake ya mwisho. Usiku huo uchungu wa kuzaa ulimshika, na kesho yake jioni hakuwepo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Alikuwa ameitambua sauti yake mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayesubiri apigwe, na yale maneno yangu yote yakaniishia. Nilichobaki nacho ni kumwonea huruma.

"Iendelee," Lorna alisema.

"Imeishia hapo, mama," nilimwambia mwanangu.

"Lakini amesema kesho jioni." Alimgeukia bibi yake. "Magokoro, Sabato si imetoka?"

Mama aliweka birika sakafuni. Akavuta kiti, akaketi karibu nasi, akaukodolea macho ule weusi wa skrini. Chai ilipoa, na hakuna aliyeinuka kuzima.