Jina Asilolitaja Leboo

Nasinkoi alipoingia ofisini kwake pale Korogwe, wakili Semboja hakumtambua. Mwanamke yeye alimtambua. Miaka mitatu nyuma alikaa benchi la mwisho mahakamani, huko Handeni, siku Semboja, enzi hizo hakimu, alipomfunga kaka yake Leboo miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe tisa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Uheshimiwa ulishaisha, mama. Sasa mimi wakili tu."

"Nimechekwa toka kwetu Sindeni. Eti namfuata aliyemfunga ndugu yangu! Nikawaambia, aliyekaza fundo ndiye ajuaye linapofungukia."

Semboja akacheka, kicheko kisichofika mbali. Alipotajiwa Leboo, kesi aliikumbuka. Leboo alidai ng'ombe ni urithi wa baba yake. Akaulizwa jina la baba. Kimya. Akaulizwa tena, kimya. Mara ya tatu akainamisha kichwa, na hakimu akaandika kwa mkono wake: mshtakiwa anakwepa swali.

"Haya, tuanze upya," alisema, akivuta karatasi. "Baba yenu aliitwa nani?"

Nasinkoi akafumba mdomo.

"Mama, nataka kukusaidia. Jina tu."

"Alikufa," akasema taratibu. "Kwetu wafugaji, baba akishakufa, mtoto wake halitaji jina lake. Ungemwuliza jirani, angekutajia. Mzee Taiyo, jirani yetu, alikuwa kando yangu pale pale. Kunyanyuka tuliogopa, polisi wamejaa. Nawe hukuuliza."

Kalamu ya Semboja ikasimama. Miaka minne ya Handeni alikula nyama kwao, akanywa maziwa yao, na hili hakulijua.

"Kumtetea siwezi," alisema hatimaye. "Nilihukumu mimi, sheria inanikataza. Atamtetea wakili mwingine. Ila naweza kula kiapo cha maandishi, nieleze nilivyo... nilivyokosea. Mkipeleke Mahakama Kuu Tanga, muombe kukata rufaa nje ya muda."

Alijua kiapo kitasomwa mbele ya wenzake wa zamani. Na Korogwe ni mji mdogo, wateja wangesikia kabla jua halijazama.

"Watakusema," alisema Nasinkoi.

"Watanisema."

"Basi andika. Leboo anaitwa mwizi mwaka wa tatu huu."

Akaandika. Alipofika pa kueleza kwa nini hakumwuliza mtu mwingine, akaitafuta sababu, Nasinkoi akiutazama mkono wake. Hakuipata. Akaandika hivyo hivyo: sikuuliza.