Wanaobisha Hodi kwa Mama Isaka

Dorothy, ambaye jirani zake humwita Mama Isaka, alikuwa barazani kwake kijijini Mnyambe akimenya muhogo mchungu, miguu imenyooka mbele yake kama kawaida, sauti ya mwanamume iliposema hodi mlangoni.

"Karibu," alijibu bila kuinua kichwa.

Hakuingia mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Baada ya muda ikaja hodi nyingine, ya mwanamke mwenye lafudhi ya mbali, naye akamkaribisha vilevile. Mambo hayo yalianza daktari mmoja aliyekuja kuwapima alipoondoka, na majirani walishayazoea. Waliokuja kuazima kinu walikohoa kwanza, ili ajue kwamba wao wamekuja kweli.

Siku hiyo gari lililotoka Masasi lilisimama uani, akashuka daktari mwenyewe. Claudia Temu ni mtafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam. Miaka ya nyuma, wakati wa ukame, aliwapima watu wa hapo waliokakamaa miguu kwa kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Maji ya kuloweka hayakuwepo. Yalifuatwa bondeni, na aliyepata ndoo moja aliitumia kupikia. Claudia aliyaandika hayo vizuri katika makala, na siku ya kuaga aliahidi kwamba wakubwa wakiisoma, maji yatapandishwa kwa bomba hadi kijijini. Makala ilisomwa. Watafiti wa nchi nyingi waliitaja katika kazi zao, na kila ilipotajwa simu ya Claudia ilimwarifu kwa mlio. Sasa alikuwa ameomba uprofesa, na kamati ilimtaka aeleze wagonjwa wake wanaendeleaje.

"Shikamoo, Mama Isaka."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia."

Claudia alikaa kwenye jamvi. Simu ikalia mkobani, na papo hapo mtu akabisha hodi.

"Karibu," Dorothy alisema.

Simu ikalia tena, na hodi ikaja tena. Claudia aliitazama simu, akautazama mlango, akaelewa. Akaizima. Hodi ziliendelea.

"Hawa ni wageni wako?" Dorothy aliuliza.

"Ni wasomi, mama. Wanakutaja."

"Kwa jina langu?"

"Kwa namba. Wewe ni mgonjwa wa kumi na moja."

Dorothy aliweka kisu chini. "Mimi nawaitikia kwa adabu, maana huenda mmoja kaja na habari ya maji. Mbona hawaingii?"

Claudia aliinama, akawa anachezea ukingo wa jamvi.

Mjukuu wa Dorothy, Nancy, akatoka ndani na ungo, akitembea kwa ncha za vidole. Claudia alimwita, akamkalisha, akamgonga kidogo chini ya goti. Mguu uliruka juu na mtoto akacheka. Claudia hakucheka. Aliujua mguu unaoruka hivyo, na alijua haurudi ulivyokuwa.

"Mama, muhogo huu ungeulowe..." Aliliona pipa tupu la maji pembeni ya ukuta. Uso ulimwaka.

"Na huyu naye utamwandika?" Dorothy aliuliza.

"Hapana, mama."

Claudia akarudi Dar es Salaam kwa kupitia Newala mjini, kwa bwana mmoja anayeshughulikia maji. Bwana huyo alimpongeza sana. Makala aliisoma, na aliwahi kuitumia katika hotuba. Bomba la Mnyambe, alisema, limo kwenye mpango. Claudia alimshukuru, kisha akaona aibu kwa kumshukuru.

Kamati ilisema makala ya zamani peke yake haitoshi. Claudia akaandika nyingine, fupi, kuhusu ugonjwa huo katika kizazi cha wajukuu. Nancy alikuwa mgonjwa wa kwanza. Alipofika kwenye sentensi hiyo Claudia aliinuka akafunga mlango wa ofisi, ingawa hakukuwa na mtu aliyekuwa anakuja, ndipo akaimalizia. Uprofesa aliupata.

Makala hiyo inatajwa kuliko ile ya kwanza. Hodi zimekuwa nyingi mno, Dorothy haziwezi peke yake, na majirani wamegawana zamu za kuitikia ili mgeni asionekane amedharauliwa. Wanawake wanaposhuka bondeni kutafuta maji, zamu huwa ya Nancy. Siku hizi anatembelea fimbo, na haendi mbali.